KHABARI ZA BARIDI NA JOTO KATIKA NCHI YA TUNDUMA, NA YAMPASAYO MUISLAMU AZISIKIAPO

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyelifanya jua kuwa mwangaza, akaukadiria mwezi vituo vyake ili waja wajue hisabu ya miaka, akazipeleka pepo mbele ya rehema yake. Na sala na amani zimfikie Bwana wa Mitume, Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila awafuatao kwa wema hatta siku ya malipo.

Amma baada ya hayo: Kila mwaka, ukifika mwisho wa mwezi wa Agosti, khabari za hali ya hewa katika nyanda za juu za kusini-magharibi mwa Tanzania hugeuka maneno yake. Tangu mwezi wa Juni zimekuwa khabari za baridi na upepo wa kusi. Sasa huwa khabari za joto kupanda siku baada ya siku, na jua kali lisilokuwa na wingu. Khabari hizo hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, nazo huwafikia watu kwa redio na kwa simu, hatta dereva aliyelala ndani ya gari lake mpakani Tunduma huweza kuzisikia kabla ya adhana ya Alfajiri. Na Tunduma ni mlango wa njia kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia, na reli ya TAZARA hupita hapo hapo. Kwa hivyo watu wa pwani hufika huko kwa biashara na kwa udereva, na wengine huweka makao.

Basi watu wasikiapo khabari hizo hugawanyika mafungu matatu. Fungu la kwanza hukanusha, husema: Huku ni kudai ghaibu, na mwenye kuyasadiki haya ni kama aliyemwendea kahini. Fungu la pili huzipokea kama kwamba zimeshuka kutoka mbinguni. Likiambiwa mvua itakuwa njema halioni tena haja ya kuomba, na likiambiwa itapungua hukata tamaa. Fungu la tatu huzisikia kwa sikio la biashara peke yake. Huuliza: Je, mahindi yatapanda bei? Kisha hutoka mbio kununua na kufungia. Mafungu yote matatu yamekosa njia, na khasara ya makosa hayo haiwi ya mali tu, bali huingia katika itikadi, na katika roho za watu, na katika matumbo ya maskini. Kwa sababu hiyo mambo haya yamepangwa hapa faslu kwa faslu, ili kila mwenye kusoma ajue wapi pa kusimama.

FASLU YA KWANZA: NCHI ILIVYO, NA SABABU YA BARIDI NA JOTO LAKE

Mkoa wa Songwe ulitengwa na mkoa wa Mbeya mwaka 2016, na makao makuu yake ni Vwawa, katika wilaya ya Mbozi. Sehemu kubwa ya Mbozi na Tunduma ni uwanda wa juu upitao mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Na kawaida aliyoiweka Mwenyezi Mungu katika hewa ni kuwa kila mtu apandapo mita 1,000, joto hupungua kwa kadiri ya nyuzi 6. Kwa hivyo mtu atokaye Tanga au Bagamoyo, akifika Tunduma, huwa ameacha nyuma yake nyuzi 9 au 10 kabla hajahisabu majira. Lakini mkoa huo huo una bonde pia. Upande wa kaskazini nchi hushuka mpaka bonde la Ziwa Rukwa, ambalo maji yake yako kiasi cha mita 800 tu, na huko Kamsamba joto huwakalia watu wakati ambapo jirani zao wa Mbozi wamejifunika mablanketi. Wote ni watu wa mkoa mmoja, na juu yao ni jua moja.

Na sababu ya kugeuka kwa majira ni hii. Mwezi wa Juni jua huwa limekwenda upande wa kaskazini wa istiwai, na nchi za kusini mwa Afrika huwa katika siku zake za baridi. Upepo wa kusi huichukua hewa ile ya baridi na kuipeleka juu ya nyanda. Usiku mbingu huwa tupu, hakuna wingu la kuizuia harara ya ardhi isipande na kupotea, kama nyumba iliyoezuliwa paa. Ndiyo maana katika nyanda za juu za kusini-magharibi baridi ya alfajiri, katika Juni na Julai, huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Kisha, tarehe 22 au 23 ya Septemba, jua huvuka istiwai kurudi kusini, na katikati ya Oktoba husimama juu ya utosi wa watu wa Tunduma. Wakati huo mvua bado hazijaja, mawingu ni machache, na majani yamekauka. Hapo ndipo joto lizidipo. Mwezi wa Novemba mvua huingia, zikaendelea hatta Aprili, na joto likatulia. Mvua hizo wataalamu huziita mvua za Msimu, na neno hili ni lile lile la Kiarabu, mausim, ambalo mabaharia wa pwani wamelitumia tangu zamani kwa pepo za safari.

Hapa mtu wa pwani hukosea sana, kwani huenda huko na kalenda ya kwao. Pwani ya Tanga, Dar es Salaam, Unguja na Pemba ina mvua mbili, masika na vuli, na joto lake kubwa huja na kaskazi, Disemba hatta Machi. Tunduma ina mvua moja tu, na joto lake hutangulia mvua. Mwezi wa Januari, wakati watu wa Unguja wanapotafuta kivuli, watu wa Mbozi wamo mashambani katika matope. Mwenye kuipima nchi asiyoijua kwa nchi aijuayo, hana budi kupotea. Basi khabari ya hali ya hewa kwake ni kama rubani kwa nahodha aingiaye bandari ngeni.

FASLU YA PILI: JE, KUSADIKI KHABARI YA HALI YA HEWA NI KUSADIKI KAHINI?

Ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Katika mwisho wa Sura ya Luqman yametajwa mambo matano ambayo ujuzi wake uko kwake, na kuteremsha mvua ni moja katika hayo. Mwenye kudai kuwa anajua kwa yakini, pasina alama yoyote, kuwa mvua itanyesha siku fulani, huyo amejitia pasipokuwa pake. Na mwenye kumsadiki ameingia katika onyo kali lililokuja juu ya wanaowaendea makahini.

Lakini mwenye kuona moshi akasema huko kuna moto, huyu hakudai ghaibu. Na tabibu aonaye homa akasema huenda mgonjwa akatetemeka usiku, huyu vilevile hakudai ghaibu. Ametazama alama, akaipima kwa kawaida ambayo Mwenyezi Mungu ameiweka katika viumbe vyake. Na wataalamu wa hali ya hewa hawafanyi zaidi ya hayo. Hupima joto la hewa, na uzito wake, na nguvu za upepo, na joto la maji ya bahari. Huzitazama picha za mawingu zipigwazo kutoka juu. Kisha hulinganisha na miaka iliyopita. Na wenyewe hawasemi kwa kukata. Mwelekeo wao husema kuwa huenda mvua ikawa juu ya wastani, au ya wastani, au chini ya wastani. Hayo ni maneno ya dhana yenye nguvu, nayo si yakini, na sheria imemruhusu mwanadamu kuifuata dhana yenye nguvu katika mambo mengi ya maisha yake, na katika ibada pia, kama vile mtu aliyepotewa na kibla ajitahidipo kwa alama.

Na Imam Shafi, Mwenyezi Mungu amrehemu, amelipambanua jambo hili katika kitabu chake cha Al-Umm. Waarabu wa zama za ujinga walikuwa wakisema wamepata mvua kwa nyota fulani. Mtume, sala na amani zimfikie, baada ya mvua iliyonyesha usiku huko Hudaibiya, aliwafahamisha sahaba zake kuwa mwenye kusema amepata mvua kwa fadhila ya Mwenyezi Mungu ni mwenye kumwamini Yeye, na mwenye kuinasibisha na nyota ni mwenye kumkufuru. Akaeleza Imam Shafi kuwa kufuru ni kuitakidi kwamba nyota ndiyo iletayo mvua. Amma mwenye kukusudia wakati tu, kama mtu asemavyo mvua imenyesha mwezi fulani, hiyo si kufuru, ijapokuwa kusema maneno mengine kunapendeza zaidi.

Na imepokewa kuwa Sayyidna Umar, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alipokuwa juu ya mimbari katika siku za ukame, aliuliza ni muda gani umesalia katika majira ya nyota ya Kilimia. Bwana Abbas akamjibu kwa hisabu aliyoijua. Kisha Umar akaomba, na watu wakaomba, na mvua ikanyesha. Tazama adabu hii. Umar aliuliza khabari za majira, hakuona haya kuziuliza juu ya mimbari. Lakini hakushuka akaenda zake kwa kutegemea jibu, bali aliinua mikono. Mwenye kukanusha khabari ameacha nusu ya kwanza ya mwendo wa Umar, na mwenye kuitegemea khabari peke yake ameacha nusu ya pili.

Na watu wa pwani hawana udhuru wa kuona jambo hili kuwa geni. Wazee wao walihisabu mwaka wa jua tangu Nairuzi, wakaugawa katika miongo ya siku kumi kumi, wakajua lini kusi hukaza na lini bahari hufungwa. Mwezi wa Aprili mwaka 1872 tufani iliipiga Unguja, ikavunja vyombo bandarini na kung'oa mikarafuu isiyohisabika, na watu hawakuwa na chombo cha kuwaonya. Mwezi wa Mei mwaka 2024 kimbunga kilichoitwa Hidaya kilikuja kuelekea Mafia. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikaonya mapema, na safari za boti baina ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa hatta kikapita. Je, nahodha aliyeifunga boti yake siku ile alikufuru? La. Alifunga, kisha akategemea, kama alivyoelekezwa yule bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kumfunga.

FASLU YA TATU: YAPASAYO KATIKA SIKU ZA BARIDI

Imepokewa kuwa Bwana Mtume alizitaja saumu za siku za baridi kuwa ni ngawira ipatikanayo bila vita. Katika nchi ya Songwe mchana wa Juni ni mfupi kuliko mchana wa Disemba kwa kadiri ya saa moja, na kiu yake ni ndogo. Basi mwenye deni la Ramadhani, na amlipe Mola wake kabla khabari hazijageuka. Wangapi huahirisha kwa kusema siku zipo, kisha Oktoba huwakuta wakipakia magunia juani, na ulimi umeganda kinywani!

Na maji ya udhu, siku hizo, hukata kama wembe. Mwenye kuukamilisha udhu wake pamoja na uzito huo, hadithi sahihi imeeleza kuwa hilo ni katika mambo ambayo Mwenyezi Mungu hufutia makosa na hupandishia daraja. Lakini dini si kujiangamiza. Anayeweza kuyatia maji moto, na ayatie, wala hakuna lawama; na asidhani kuwa thawabu iko katika kujitesa ilhali jiko lake linawaka. Asiyepata cha kuyatia moto, na akachelea ugonjwa au madhara ya kiungo, huyo atatayamamu na kusali, kisha katika madhehebu ya Shafi ataikidhi sala hiyo, kwa kuwa kukosa cha kutilia maji moto ni jambo la nadra. Na asli yake ni Amr bin Al-As, aliyeamkia na janaba usiku wa baridi kali katika vita vya Dhatu Salasil, akaichelea nafsi yake, akatayamamu na kuwasalisha wenziwe. Khabari ilipomfikia Bwana Mtume, na Amr akataja hoja yake kuwa Mwenyezi Mungu amekataza watu wasijiue, Mtume alicheka wala hakumlaumu.

TANBIHI. Katika siku hizi za baridi liko jambo liuwalo watu na wao wanadhani wanajihifadhi. Mtu huingiza jiko la makaa chumbani, akafunga dirisha na mlango, akaziba kila tundu ili baridi isipite, kisha akalala. Makaa yakiwaka mahali pasipokuwa na hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu wala moshi. Huingia katika damu ikachukua mahali pa hewa njema, na mwenye kulala hapati nafasi ya kuamka. Humkuta mtu na mkewe na watoto wake, asubuhi wote ni maiti, na nguo zao hazikuungua. Kadhalika dereva awashaye jiko ndani ya gari lililofungwa. Na Bwana Mtume alikwisha kuonya. Nyumba iliungua usiku Madina pamoja na wenyewe, naye alipopewa khabari yao alieleza kuwa moto ni adui wa watu, na akaamrisha uzimwe watu walalapo. Basi mwenye kulala na jiko linawaka ameiacha amri ya Mtume wake, na watoto waliokufa kwa tendo lake watakuwa amana iliyopotea mkononi mwake. Na alitoe jiko nje, na ajifunike. Na kama jirani yake hana cha kujifunika, blanketi moja atoalo siku hizo huweza kuwa ndilo la kumsitiri yeye kesho.

FASLU YA NNE: YAPASAYO JOTO LIINGIAPO

Imepokewa katika hadithi sahihi kuwa moto wa Jahannam ulishitakia kwa Mola wake, ukapewa ruhusa ya kuvuta pumzi mbili, moja wakati wa baridi na moja wakati wa joto. Na ukali wa baridi na ukali wa harara ambao watu huuona ni katika pumzi hizo. Wala hadithi hii haipingani na yaliyosemwa juu ya mwendo wa jua, kwani sababu za dhahiri zina nyuma yake mambo asiyoyaona mwanadamu. Basi mtu wa Tunduma aliyetetemeka Julai na kutokwa na jasho Oktoba amekumbushwa mara mbili katika mwaka mmoja, na atakayeghafilika baada ya ukumbusho wa mara mbili hana la kujitetea.

Na joto lina hukumu zake, na hukumu hizo hufuata nchi. Mas-ala ya kwanza ni sala ya Adhuhuri. Ni sunna kuichelewesha kidogo katika ukali wa joto hatta kuta ziwe na kivuli cha kutembelea. Lakini kauli sahihi zaidi ya Mashafi imeihusisha sunna hiyo na nchi ya joto, kwa watu wauendeao msikiti wa jamaa kutoka mbali. Basi watu wa Kamsamba katika bonde la Rukwa wana ruhusa hiyo, na watu wa Tunduma juu ya uwanda wao, aula kwao ni kusali mwanzo wa wakati. Na sala ya Ijumaa haimo katika kucheleweshwa huko.

Mas-ala ya pili ni maji yaliyopata moto wa jua. Ni makuruhu kuyatumia mwilini wakati wa joto, katika nchi za joto, yakiwa katika chombo cha madini yafuliwayo kwa nyundo, kama chuma na shaba, kwa kuchelea ugonjwa wa ngozi. Na Imam Nawawi katika baadhi ya vitabu vyake aliona kuwa hakuna karaha. Mtu wa pwani mwenye pipa la chuma juu ya paa lake na aitazame hukumu hii. Amma maji ya tangi la plastiki hayamo, kwani plastiki si madini. Na watu wa uwanda wa baridi hawahusiki. Tazama jinsi fiqhi ilivyoitazama hewa ya kila nchi miaka mingi kabla ya vipimo vya leo. Mtu mmoja, katika safari moja, hutoka katika hukumu moja akaingia katika hukumu nyingine kwa kupanda mlima tu.

Mas-ala ya tatu ni moto wa mashamba. Mwezi wa Septemba na Oktoba majani huwa kama baruti. Mtu huchoma shamba lake kulitengeneza kwa kungoja mvua, upepo ukauchukua moto, ukaingia katika shamba la kahawa la jirani au katika msitu. Na hukumu ya Mashafi ni wazi: mwenye kuwasha moto katika milki yake siku ya upepo mkali, au akauwasha mkubwa kupita kiasi, ukaharibu mali ya mwenziwe, atadhamini. Hawezi kusema ni kadari ya Mungu, ilhali khabari ya upepo na joto ilimfikia jana jioni. Khabari ikimfikia mtu, udhuru hupungua.

Na khabari nyingine yafaa isikike pamoja na hii. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limeutaja mwaka 2024 kuwa ndio uliokuwa na joto kubwa kupita miaka yote iliyopimwa. Wataalamu hutaja sababu, nayo ni moshi wa mafuta na makaa ya mawe na kukatwa kwa misitu. Na Sura ya Rum imetaja kuwa uharibifu huonekana katika bara na bahari kwa yaliyochumwa na mikono ya watu. Mkono wa mtu mmoja hauwezi kuituliza dunia, lakini hadithi imemwelekeza aliye na mche mkononi aupande hatta kama Kiama kimekwisha simama. Basi na aupande kabla ya mvua za Novemba, na asikate asichokipanda.

FASLU YA TANO: MAHINDI

Hili ndilo lililo zito kuliko yote. Tunduma ni soko la nafaka la mpakani, na ng'ambo yake ni Nakonde ya Zambia. Khabari ya mvua hapo ni khabari ya bei.

Mwaka 2023 maji ya bahari ya Pasifiki yalipata joto kupita kawaida, na hali hiyo wataalamu huiita El Niño. Mbingu moja ikagawa kwa mizani mbili: Afrika ya Mashariki mwisho wa mwaka ule ilipata mvua kubwa na mafuriko, na Zambia, mwanzoni mwa 2024, mvua zikakatika mahindi yakiwa shambani, hatta tarehe 29 Februari 2024 Rais wa nchi hiyo akatangaza ukame ule kuwa ni janga la taifa. Mwaka huo huo Serikali ya Tanzania ikakubali kuiuzia Zambia mahindi. Ajuaye njia hizo hahitaji kuelezwa thamani ya gunia la mahindi Tunduma katika mwaka kama ule.

Basi mwenye mali, asikiapo kuwa mvua zijazo huenda zikawa chini ya wastani, aisimamishe nafsi yake mbele ya hukumu. Bwana Mtume ametufahamisha kuwa hahodhi illa mkosa. Na Mashafi wamebainisha kuhodhi kulikoharamishwa: ni kununua chakula ambacho watu hukitegemea, wakati wa ughali, na kukizuia ili kizidi kupanda na watu wazidi kuhitaji. Aliyeweka mazao ya shamba lake mwenyewe hamo katika haramu hiyo. Aliyenunua siku za rakhisi, baada ya mavuno, akaweka ghalani, hamo. Aliyenunua kwa ajili ya watu wa nyumbani kwake hamo. Lakini hatta hao, watu wakifikiwa na dharura, na wao wana ziada, hulazimishwa kuuza. Na mwenye kusema: Mimi sikuhodhi, nimengoja soko tu, na aulize moyo wake kama afurahi asikiapo kuwa mvua imechelewa. Furaha hiyo ndiyo shahidi wake. Mtu afurahiye kukauka kwa shamba la maskini, ana haja gani ya mufti?

Na liko kosa jingine lifananalo na hili. Mtu aliye mjini, mwenye khabari za bei, hutoka kwenda kuwalaki wakulima wa Momba na Ileje njiani, kabla hawajafika sokoni, akawanunulia kwa bei ya wasiojua. Mtume ameukataza ulaki huo, na muuzaji akifika sokoni akaona amepunjwa, katika madhehebu ya Shafi ana khiari ya kuuvunja uuzaji. Kadhalika kununua mahindi yaliyo shambani kabla hayajadhihiri kukomaa kwake, kwa sharti ya kuyaacha mpaka yavunwe, ni uuzaji usiosihi, kwa kuwa hakuna ajuaye lipi litayafika. Khabari ya hali ya hewa ni neema ya watu wote. Mwenye kuipata kabla ya jirani yake ana wajibu wa kumfikishia. Asiigeuze kuwa mtego.

KHATIMA

Khabari ya hali ya hewa ni amana. Mwenye kuikanusha ameitupa, mwenye kuiabudu ameizidishia, mwenye kuitumia kwa dhulma ameikhini. Aliyeitekeleza ni yule aliyeisikia, akazima jiko lake, akalipa saumu zake, akauchunga moto wa shamba lake, akamwambia jirani yake, akauza kwa haki, kisha akainua mikono.

Na mvua zikichelewa, yafaa kusaliwa sala ya istiskaa: rakaa mbili kama sala ya Idi, kwa takbiri saba katika ya kwanza na tano katika ya pili, kisha khutuba mbili ambazo istighfari hushika mahali pa takbiri, na imamu hugeuza nguo yake kwa kutaraji kugeuzwa kwa hali. Kabla ya kutoka watu hufunga siku tatu, hutubu, hutoa sadaka, na hurudisha dhulma walizodhulumu. Na hilo la mwisho ndilo ambalo watu hulisahau: hutoka uwanjani na magunia ya watu yamo ghalani mwao.

Bwana Mtume, upepo mkali ukivuma, uso wake uligeuka kwa kuchelea, kwa kuwa kaumu ya Adi waliona wingu wakadhani ni mvua, kumbe ni adhabu. Na mvua ikimnyeshea alifunua nguo yake kidogo hatta ikamgusa mwilini, kwa kuwa imetoka karibuni kwa Mola wake. Basi mwezi wa Novemba, tone la kwanza likianguka katika vumbi la Tunduma, aliyetabiri na aliyekanusha wote watalowa kwa maji yale yale. Na mwenye kheri ni yule ambaye tone lile litamkuta ghala yake haina dhulma, na ulimi wake una shukurani.

Ewe Mola, wanyeshee waja wako mvua yenye manufaa, isiyobomoa wala kugharikisha. Warehemu waliokufa katika baridi na moto na mafuriko. Zitakase mali za wafanya biashara wa Kiislamu, na uzilainishe nyoyo zao kwa wenye njaa, wa upande huu wa mpaka na wa upande ule. Na sala na amani zimfikie Bwana wa Mitume, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Amin.